Naomba ushauri: siku tatu bonde la Kilombero na familia, tupange vipi?

Kimara_Baruti
Wakuu, habari za asubuhi. Mwishoni mwa Julai nina likizo, nataka kuipeleka familia bonde la Kilombero kwa siku tatu. Tuko wanne: mimi, mke wangu, kijana wetu wa miaka 14 na mama yangu mzazi, ambaye magoti yanamsumbua. Kijana anataka kupanda mpaka maporomoko ya Sanje. Mama yeye amesema wazi kwamba anachofuata ni wali wa Ifakara na samaki wa mtoni, aule hukohuko unakotoka. Tunatokea Dar na gari binafsi hatuna. Tulale Mang'ula au Ifakara? Sanje mama ataiweza? Na mtoni je, kuna usalama?

Mwanihana_Juu
Karibu sana mkuu, Julai ni wakati mzuri. Masika yanapomalizika Mei njia za msituni bado zinateleza na bondeni maji yametanda, ila Julai kunakuwa kumekauka. Laleni Mang'ula. Ofisi za Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa zipo hapohapo, jirani na barabara ya Mikumi kwenda Ifakara, na nyumba za wageni za bei ya kawaida zipo.

Sanje usimpeleke mama. Maporomoko yana urefu wa kama mita 170, yanashuka kwa hatua tatu, na njia yake ni kupanda kwelikweli. Mzunguko mzima unachukua kama saa nne, mtu akisimama kupumzika unazidi. Mkishalipia na kupewa mwongozaji, mnarudi kwa bajaji mpaka kijiji cha Sanje, upande wa Kidatu. Ondokeni asubuhi mapema. Kijana abebe nguo ya kuogea, kuna dimbwi la maji baridi mno, na ukigeuka unaona mashamba ya miwa yametandikwa bonde zima. Njiani mtulie kidogo, mbega wekundu wa Iringa hupita juu ya miti, na duniani kote hawapatikani nje ya milima hii na misitu ya jirani.

Mama naye asibaki chumbani. Karibu na geti kuna maporomoko madogo ya Prince Bernhard, matembezi mafupi, anakwenda kwa mwendo wake.

Bebeni vitambulisho vya taifa ili mlipe kiingilio cha wananchi. Hifadhini hawapokei fedha mkononi, unapewa kontroo namba unalipa kwa simu au benki.

Binti_wa_Ifakara
Mkuu hapo juu ameeleza vizuri, ila mimi mwenyeji nakataa hilo la kulala Mang'ula siku zote. Kaka, usiku mmoja mpeleke mama Ifakara. Julai mchele mpya umejaa sokoni. Mwambie achukue punje chache kiganjani, azipulizie pumzi ya moto halafu anuse. Supa halisi, ile aina ya mchele unaonukia, inajitambulisha hapohapo. Mchele mpya unapikwa kwa maji kidogo kuliko uliozoea Dar, vinginevyo unakuwa bokoboko. Mama ntilie wa huku wanajua kuupima kwa jicho, chembe zinaachana na harufu inafika barabarani.

Samaki uliza perege, kambale na kitoga. Kitoga wa kubanika kwa moshi, akaungwa na nazi na nyanya, ndiye atakayemkumbusha mama ujana wake. Ila mfike mapema mchana, jioni mtakuta mabaki.

Reli_na_Barabara
Usafiri: mabasi ya Ifakara yapo kutoka Dar, yanapita Mikumi, Kidatu, kisha Mang'ula. Kwa magoti ya mama ningepanda treni ya SGR mpaka Morogoro, tupumzike, ndipo tuchukue basi. TAZARA nayo inapita Mang'ula na Ifakara, na inapokatisha kwenye pori la Nyerere watu huona wanyama dirishani, ila ratiba yake ulizia kwanza stesheni, na kwa siku tatu sikushauri uitegemee.

Kivukoni_Zamani
Kuhusu mto, naomba nisikilizwe. Kilombero una mamba na viboko. Kijana asiingie majini hata magoti, hata akiwaona watoto wa pale wanaoga. Kuogelea ni kule Sanje tu. Nendeni Daraja la Magufuli, lile la kuvuka Kilombero karibu na Ifakara, lina mita 384, simameni mtazame mto na mitumbwi ya wavuvi. Kabla ya daraja watu walivuka hapo kwa kivuko, na Januari 2016 kilizama, kwa hiyo wenyeji daraja lile wanalithamini sana. Mtumbwi kama mnautaka, mpate mvuvi mzoefu, asubuhi, pasipo upepo, na msikaribie viboko. Kila chumba mnacholala, cha kwanza kukagua ni chandarua, mbu wa bondeni si wa kuchezea.

Kimara_Baruti
Mbarikiwe wote. Nimeamua: usiku wa kwanza Mang'ula, kesho yake mimi na kijana Sanje, mama na mke wangu Prince Bernhard, jioni tushuke Ifakara. Binti wa Ifakara, mama anauliza kama anaweza kurudi na gunia la mchele.

Binti_wa_Ifakara
Anaweza kaka, mabasi yanabeba, mnaelewana nauli ya mzigo na konda. Anunue mashineni, mpunga ukobolewe akiwa anaona, asichanganyiwe na wa zamani.