Ziara za Sultani wa Oman na mikataba ya nishati: hela huwa inaingia lini?

mdau_wa_temeke

Wakuu salaam. Naomba wenye uelewa wa mambo ya mafuta na gesi kule Ghuba wanieleweshe. Tangu Sultan Haitham ashike nchi Januari 2020 nafuatilia ziara zake, na karibu kila anapotua kuna picha ya mawaziri wamekaa mezani, bendera mbili katikati, kalamu mkononi. Aprili 2025 alikuwa Uholanzi, ikasainiwa ile ya kupeleka haidrojeni ya kimiminika kutoka Duqm kule Oman mpaka bandari ya Amsterdam, halafu iendelee hadi Duisburg kule Ujerumani. Kabla ya hapo alienda India, Singapore, na huko nako nishati haikukosa kwenye mazungumzo.

Sasa swali langu ni hili, zile karatasi zina nguvu gani? Mwekezaji anatoa hela akishasaini au kuna hatua zingine zinafuata? Na Oman yenyewe inabaki na nini, maana miradi kibao nasikia majina ya wageni tu. Nauliza kwa nia njema kabisa kwa sababu na sisi Tanzania tuna gesi yetu, nataka nikisoma habari nijue kitu gani cha kuangalia.

msuri_maskati

Ndugu yangu mdau, umeuliza jambo la maana na hata hapa Maskati watu wengi wanalichanganya. Mimi kwetu Sur, nafanya mahesabu kwenye kampuni za wakandarasi wa mafuta kwa miaka sasa, nakuambia ninavyoona. Ile inayosainiwa mbele ya wakubwa mara nyingi ni hati ya makubaliano, yaani pande mbili zinakubali kukaa na kuchunguza. Hakuna hata senti inayotoka pale na upande mmoja ukijitoa hakuna kesi. Baada ya hapo ndo wanakuja wahandisi kupima, wanasheria wanagombania kila neno la mkataba, benki zinauliza nani atanunua bidhaa, kwa bei gani, kwa miaka mingapi. Hapo kwa mnunuzi ndo miradi mingi inakwama. Wakishavuka hapo kampuni inatangaza uamuzi wa mwisho wa uwekezaji, na siku hiyo ndo hela inaanza kutoka kweli.

Chukua kiwanda chetu cha gesi cha Qalhat, jirani kabisa na Sur. Meli ya kwanza ilipakia mwaka 2000. Lakini kiwanda kile kisingejengwa kama Wakorea Kusini wasingekubali kwanza kununua tani milioni 4 na ushee kila mwaka kwa miaka 25, na mikataba ya aina ile ina kipengele kuwa uchukue mzigo usichukue, hela unalipa. Benki ikiona hivyo inakopesha bila wasiwasi.

Kuhusu nchi inabaki na nini, serikali haijatoa vyote. PDO ambayo ndo kubwa kwenye mafuta hapa, upande wa serikali una asilimia 60, Shell 34, waliobaki wanagawana kilichobaki. Qalhat serikali ina 51. Khazzan, ile gesi ya jangwani, BP ndo mwendeshaji ana 40, OQ ambayo ni ya serikali 30, PTTEP ya Thailand 20, Petronas ya Malaysia 10. Ile 20 Wathailand waliuziwa na BP mwaka 2021 kwa dola bilioni 2.6, mgeni kamuuzia mgeni, ila bila serikali kuridhia isingewezekana.

khamis_wa_sib

Asalaam alaykum. Kwenye hesabu niko na Msuri, ila kwenye siasa nina la kuongeza, msizichukulie ziara kama mapambo. Kuna miradi haiwezi kuanza mpaka wakubwa wakae wenyewe. Mimi Duqm nimefika. Zamani ilikuwa kijiji cha wavuvi, toka Maskati unaendesha zaidi ya kilomita 500 kuelekea kusini, na kipindi cha kusi upepo unavuma mchana na usiku mpaka mlango wa gari unaushika kwa mikono miwili using'oke. Leo pale pale kuna kiwanda cha kusafisha mafuta mapipa 230,000 kwa siku, ubia wa OQ na Kuwait. Mafuta ghafi yanashushwa Ras Markaz kwenye matangi makubwa halafu yanasukumwa kwa bomba la kilomita 80 mpaka kiwandani.

Jiulize Kuwait wenye visima vyao kwa nini waweke mabilioni kwa jirani. Chukua ramani. Kuwait iko ndani kabisa ya Ghuba, kila meli yake lazima ipite mlango bahari mwembamba wa Hormuz, wakati Duqm inatazama bahari kuu moja kwa moja, mafuta yakishasafishwa pale njia ya India na Afrika iko wazi hata kama Hormuz kuna matatizo. Uamuzi kama huo meneja wa kampuni hawezi kuubeba peke yake, ni nchi na nchi zinaaminiana, na ndo maana Februari 2024 Amiri Mishal wa Kuwait alikuja mwenyewe wakakifungua pamoja na Sultani.

Ila kuna moja sikuifurahia na sioni aibu kusema. Asilimia 49 ya kampuni inayomiliki njia kuu za kusafirisha umeme wameuziwa State Grid ya China, ilikamilika 2020. Naelewa nchi ilikuwa na madeni mazito na bei ya mafuta ilianguka mwaka ule, lakini gesi ukiuza hisa za kitalu kimoja una vitalu vingine. Gridi ni moja tu.

msuri_maskati

Kwenye gridi nakuelewa Khamis ingawa 51 imebaki kwetu na bei za umeme anapanga mdhibiti, hapangi Mchina. Kwenye siasa nakuunga mkono nusu. Urafiki wa nchi na nchi unafungua mlango ila hela ina sheria zake. Angalia bomba la gesi kutoka Iran kuja Oman. Walikubaliana 2013, Rouhani, rais wa Iran wakati ule, akaja Maskati Machi 2014, gesi ya miaka 25 ipite chini ya bahari. Sisi na Iran tunaheshimiana kuliko majirani wengi na gesi tunaihitaji kwa viwanda. Mpaka leo hakuna bomba. Vikwazo vya Marekani vimefanya kampuni na benki za nje ziogope kugusa. Mei 2022 Raisi, aliyemrithi Rouhani, naye alikuja yakafufuliwa mazungumzo, bado hakuna bomba. Wakubwa walikuwa na nia kweli, lakini mwenye benki anaangalia ataadhibiwa au hataadhibiwa.

habibu_doha

Niongezee ya huku Qatar kidogo, ni mfano mzuri wa muda. Machi 2022 baada ya vita vya Ukraine waziri wa uchumi wa Ujerumani Robert Habeck alikuja Doha kutafuta gesi, habari zikasambaa dunia nzima kama vile gesi imeshapatikana. Shida ikawa miaka. Wajerumani walikuwa na malengo ya kupunguza gesi hawakutaka kujifunga muda mrefu, Qatar wao wanataka mteja wa miongo kwa sababu wanapanua North Field, eneo lao kubwa la gesi baharini, kwa mabilioni. Mkataba ukaja kupatikana Novemba 2022, na haukusainiwa na serikali ya Ujerumani, alinunua ConocoPhillips ya Marekani kupeleka Brunsbüttel huko Ujerumani, hadi tani milioni 2 kwa mwaka, miaka 15 angalau kuanzia 2026. Mwezi ule ule Sinopec ya China ikasaini tani milioni 4 kwa miaka 27, na 2023 ikapewa na hisa kwenye mradi wenyewe. Anayekubali kujifunga miaka mingi ndo anakaribishwa ndani.

mtoto_wa_lindi

Nasoma huu uzi roho inaniuma. Sisi mradi wetu wa gesi wa Likong'o kule Lindi, makubaliano ya awali na Equinor na Shell yalisainiwa Juni 2022 pale Dodoma, tena mwezi ule ule Mama Samia akaenda Oman. Watu wa Likong'o walishapisha eneo, vijana walienda kusoma ufundi wakitegemea kazi. Uamuzi wa mwisho haujatoka. Shell huyo huyo yupo Qalhat miaka yote hiyo, kwa hiyo tatizo sio kwamba hajui kujenga. Kwa alivyoeleza msuri naona tusiulize wamesaini nini tena, tuulize kodi na mgao vimefungwa lini na gesi inaenda kwa nani.

mdau_wa_temeke

Nashukuruni sana wakuu, nimeelewa kuliko nilivyosoma magazeti mwaka mzima. Msuri la mwisho, hiyo haidrojeni ya Amsterdam sasa, mnunuzi yupo?

msuri_maskati

Hapo ndo penyewe. Kwa upande wa Oman kazi imefanyika vizuri, Hydrom, kampuni ya serikali ya kusimamia haidrojeni, iliundwa 2022, mwaka 2023 ikagawa maeneo kwa mnada, mwekezaji anapewa ardhi ya Duqm au Dhofar kwa miaka 47, mchana jua, usiku ule upepo anaousema Khamis. Mikataba 6 ya kwanza ilitajwa kufika dola bilioni 20, 2024 ikaongezeka 2 ya Dhofar. Lengo ni tani milioni 1 kwa mwaka ifikapo 2030. Ila haidrojeni ya kijani, yaani hii ya umeme wa jua na upepo, bado ni ghali kuliko ile inayotengenezwa kwa gesi, na kuifanya kimiminika lazima uipooze mpaka chini ya nyuzi 250 hasi, ghali juu ya ghali. Viwanda vya chuma na kemikali vya Ulaya vinaitaka lakini vinasubiri serikali zao zifidie tofauti ya bei.

Mradi unaoenda kwa uhakika ni Marsa LNG, wa gesi ya kimiminika, pale Sohar, TotalEnergies 80, OQ 20, uamuzi wa mwisho ulitoka Aprili 2024, tani milioni 1 kwa mwaka za gesi ambayo meli zitaitumia kama mafuta ya kuendeshea injini, na ujenzi unaendelea. Ile ya Amsterdam naiombea heri kabisa, wanangu watahitaji kazi mafuta yakipungua, ila nitaihesabu siku nitakayosoma jina la kiwanda kinachonunua na idadi ya miaka aliyojifunga.