Wiki moja na mama: Malta, Rhodes, Krete au Kupro?

BintiMachame
Wakuu, habari zenu. Mimi na mume wangu tunaishi Hamburg, na mama anakuja kututembelea kutoka Moshi mwishoni mwa Septemba. Viza yake ya Schengen, ile ya nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, imeshatoka, ni ya kuingia mara moja. Oktoba tunataka tumpeleke wiki moja kwenye kisiwa cha Mediterania chenye historia ya kuonekana kwa macho. Ufukwe na bwawa la hoteli havimhusu. Ni mzee wa kanisa, na safari za Mtume Paulo anazijua bandari kwa bandari. Tatizo ni magoti. Kutembea anatembea vizuri, ngazi ndizo zinazomtesa. Nimebaki na Malta, Rhodes, Krete na Kupro. Mliofika huko, mngechagua kipi?

Nahodha_Tanga
Dada, Kupro itoe leo hii. Imo kwenye Umoja wa Ulaya tangu 2004 lakini haimo Schengen. Mama akipanda ndege ya Larnaca anahesabiwa ametoka Schengen, na viza ya mara moja inakuwa imekwisha kazi. Hamburg harudi. Tena Kupro wenyewe huipokea viza ya Schengen ikiwa ni ya kuingia mara mbili au zaidi tu, kwa hiyo hata kuingia hataingia. Inaniuma kusema hivyo, maana Pafo ni ya Paulo na Barnaba alikuwa mtu wa kisiwa kile. Malta na visiwa vya Ugiriki havina shida hiyo. Atembee na pasipoti, na bima yake iwe inafunika nchi zote za Schengen.

MkaaPiraeus
Naitetea Rhodes. Mji wa kale umezungukwa na ukuta wa kilomita kama 4, na watu bado wanaishi ndani, wanaanika nguo, wanapika. Askari-watawa wa Mtakatifu Yohane waliutawala tangu 1309 mpaka Sultani Suleiman alipowashinda mwaka 1522, ndiyo maana ndani ya ukuta mmoja unakuta jumba la mkuu wao, misikiti ya Waturuki na sinagogi. Kwa uzuri wa jioni sijaona mji wa kuushinda.

Ila kwa mama nitasema kweli. Njia nyingi zimetandikwa kokoto za mviringo zilizopangwa kwa ubavu, kila hatua unazisikia chini ya unyayo. Na Lindos, ambako ndiko kwenye ghuba ya Paulo, akropoli, ngome ya kale, iko juu ya mwamba na ngazi ni nyingi mno. Mkienda, nendeni mwanzo wa Oktoba. Kuelekea Novemba ndege za moja kwa moja zinapungua sana.

Kahawa_Bukoba
Krete ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, kilomita za mraba zaidi ya 8,300, na urefu kama kilomita 260. Knossos, magofu ya kasri la kale, ni rahisi, basi linatoka Heraklion na kufika baada ya muda mfupi, na makumbusho ya Heraklion ni hazina. Lakini mama atataka Bandari Nzuri ya Matendo 27. Iko pwani ya kusini, Kaloi Limenes, barabara ya kupinda milimani, na mkifika mnatazamana na matangi ya mafuta kwenye kisiwa kidogo kilicho mbele. Mimi nilifurahi kufika, ila wiki yenu nusu itaishia garini.

Mwalimu_Mstaafu
Mwanangu, kwa mama yako nenda Malta. Nchi nzima ni kilomita za mraba 316, Gozo na Comino zikiwemo. Mnapanga mahali pamoja na kila jioni mnarudi kitanda kilekile. Kwa mtu mzima hilo linazidi orodha yoyote ya magofu.

Na historia haipungui. Askari-watawa walewale waliofukuzwa Rhodes walipewa Malta mwaka 1530. Waturuki wakawafuata 1565, wakawazingira kwa miezi karibu minne, wakashindwa, na mwaka uliofuata Valletta, mji mkuu wa leo, ikaanza kujengwa. Ingieni Kanisa la Mtakatifu Yohane. Sakafu yote ni mawe ya makaburi yao, marumaru za rangi zilizochorwa ngao na mafuvu, na viatu vya kisigino chembamba haviruhusiwi. Kisha nendeni chumba cha pembeni kwenye mchoro wa Caravaggio wa 1608. Yohane Mbatizaji yuko chini, damu inatiririka sakafuni, na mchoraji ameandika jina lake ndani ya ile damu. Ndiyo kazi yake pekee inayojulikana kuwa na sahihi. Msogezeni mama karibu kadiri mtakavyoruhusiwa, na msimharakishe.

Za Paulo ziko tele: kanisa la kuvunjikiwa meli palepale Valletta, na kule Rabat pango ambalo mapokeo yanasema alikaa.

BintiMachame
Shikamoo mwalimu, na asante sana. Lakini Valletta si ndiyo mji wa ngazi?

Fundi_Birgu
Ni kweli, nipo huku. Juu, kutoka lango la mji hadi kanisani kwa kufuata Republic Street, mama atatembea bila taabu, na mabasi mengi yanaishia langoni. Mitaa ya pembeni ndiyo inayoporomoka kwa ngazi. Kwa hiyo msipange Sliema, mji wa ng'ambo ya Valletta, kwa kufuata boti, maana inawashusha chini na kupanda ni kazi. Pangeni Birgu, ng'ambo ya Bandari Kuu. Boti ya huku inawashusha karibu na lifti ya Barrakka, inayowapandisha moja kwa moja hadi bustani iliyo juu, ndani ya Valletta. Fikeni kabla ya saa sita mchana muone mzinga ukipigwa.

Gozo msiache. Kivuko kutoka Ċirkewwa ni kama dakika 25, nauli mnalipa wakati wa kurudi. Mahekalu ya Ġgantija yalijengwa kabla ya piramidi za Misri. Lile tao la mwamba la kwenye picha, Azure Window, lilianguka Machi 2017, msilifuate.

Kaka_Catania
Mmeisahau Sicily! Kanisa kuu la Siracusa limejengwa ndani ya hekalu la Athena, nguzo za karne ya 5 kabla ya Kristo bado zimo ukutani. Paulo alikaa pale siku tatu. Kutoka Valletta boti ya kasi hadi Pozzallo haifiki saa mbili.

Nahodha_Tanga
Kaka, Siracusa ni kweli, nimeiona. Lakini Oktoba bahari inaweza kuchafuka, na wiki ni moja. Iwe safari yake peke yake.

BintiMachame
Tumekubaliana, ni Malta, na tunapanga Birgu. Kipi nikate mapema?

Fundi_Birgu
Hypogeum ya Ħal Saflieni, makaburi yaliyochongwa chini ya ardhi. Wanaingiza watu 10 kwa zamu na tiketi huisha wiki nyingi kabla, kwa hiyo tazama siku zilizobaki kabla hata ya kulipia ndege. Humo ndani kuna ngazi, pengine mama abaki na mmoja wenu. Vingine vyote mtanunua mlangoni. Plagi za huku ni za pini tatu kama za nyumbani. Chaja ya mama itaingia, zenu za Hamburg zitahitaji adapta.