Sikukuu za Urusi Januari zikoje kwa mgeni? Naombeni ushauri

Msafiri07: Wakuu, habari za muda huu. Nategemea kuwa Urusi tarehe 2 hadi 9 Januari, Moscow kidogo halafu St. Petersburg. Ni kikazi. Nasikia ni msimu wa sikukuu. Mgeni anafaidi au anakuta kumefungwa? Kejeli hapana.

MamaKijacho: Baridi ya kule unaijua wewe? Nunua soksi za sufu.

BabuVoronezh: Nenda Machi bwana. Nimesoma Voronezh enzi za Gorbachev. Tarehe 8, siku ya wanawake, nilimpelekea matroni wa bweni maua sita. Akayahesabu, akachomoa moja, akanirudishia mkononi. Kumbe kule maua ya namba shufwa ni ya msibani!

NgoshaHalisi: Mleta uzi, kikazi gani? Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Januari Warusi wako mapumzikoni, na Krismasi yao ni tarehe 7. Ofisini utamkuta mlinzi.

Msafiri07: Kazi ni nyingi mkuu. Nijibu nilichouliza.

NgoshaHalisi: Nimekujibu. Zamu yako.

Msafiri07: Haya. Kuna dada nilisoma naye chuo, yuko Petersburg. Wife anajua ni semina. Tiketi nimeshalipa na hela hairudi, kwa hiyo msiniambie nisiende. Ni kusalimiana tu.

MamaKijacho: Wangu aliniaga anaenda semina Dodoma. Akarudi na mchanga wa bahari kwenye viatu.

KakaPosta: Mahubiri baadaye. Kadi za benki za Visa na Mastercard za huku hazifanyi kazi kule tangu Machi 2022, beba dola taslimu. Na ungebaki mpaka tarehe 19 ungewakuta wanazama kwenye maji ya barafu, Epifania yao. Ungetubu palepale.

Msafiri07: Mwenyeji wangu atanitembeza. Juzi tu kanitumia video yuko kando ya mto Neva usiku, madaraja yanafunguka meli zinapita. Kasema nikifika tutaenda wote.

BabuVoronezh: Juzi, Desemba hii? Kijana, madaraja yale hufunguliwa msimu wa meli, Aprili mpaka Novemba. Sasa hivi meli za nini?

NgoshaHalisi: Chai hii. Imekosa kitumbua tu.

KakaPosta: Ama uzi ni chai, ama dada yuko Mbagala anapakua video.

Msafiri07: Sio chai jamani, tiketi ninayo! Labda aliichukua zamani akasahau.

BabuVoronezh: Saa zao na za Dar ni zilezile. Desemba jua la Petersburg huchomoza saa nne asubuhi, saa kumi limeshazama. Mpigie video saa kumi na moja jioni. Ukiona jua dirishani kwake, unajua yuko wapi.

Msafiri07: Nimempigia. Kakata, kaandika bando limeisha.

MamaKijacho: Bando la mtandao gani?