Immortal Grapple, kucha za Gangrel, na mpwa wangu anayesema nimekufa

FundiMwaloni

Wakuu, mwadila. Naombeni msaada kabla undugu haujavunjika.

Tunacheza Vampire: The Eternal Struggle, mchezo wa kadi wa wanyonya damu, watu wanne, siku nyingine watano, kila Jumapili jioni hapa Kirumba, barazani kwa dada yangu. Kadi alikuja nazo mpwa wangu alipomaliza masomo Budapest, anasema huko mchezo huu una wenyewe. Mimi ni fundi wa mashine za boti pale mwaloni, kwa hiyo kadi zangu zinanuka dagaa na petroli, mnisamehe. Damu yetu ni maharage mekundu. Puli, yaani uhai wa mchezaji mwenyewe, ni vifuniko vya soda, 30 kwa kila mtu. Kuna wiki dada aliipika damu yote pamoja na mahindi, ila hilo tumeshasameheana.

Lugha ya mezani kwetu: kumpunguzia puli windo wako (mchezaji unayemshambulia) tunaita kukamua (sisi Wasukuma, mtatuambia nini). Kadi ikishatumika tunailaza ubavu, ikichomwa imetoka mchezoni. Na yale madhara ya kucha, moto na jua, ambayo mnyonya damu hawezi kuyaponya hivihivi, tunayaita madhara mazito.

Sasa kisa. Ilikuwa zamu yangu. Brujah wangu (ni ukoo wa wanyonya damu, kama Gangrel, Toreador na Tremere) ana damu 3, namtuma akakamue. Kushoto kwangu kakaa mpwa, kwa hiyo ndiye windo. Anazuia kwa Gangrel mmoja ana nguvu ya ziada, ngumi yake ni 2. Haya, pambano. Hakuna aliyesogea, tupo karibu. Natoa Immortal Grapple, kadi ya kumkaba mtu. Ugomvi ukaanzia hapo.

Kwanza akataka kutoa Earth Meld, azame ardhini pambano liishe. Nikamwambia nimekukaba, unazama wapi? Akajibu kwamba ardhi iko miguuni na mimi nimeshika mabega. Hoja ya ajabu, lakini watu wawili mezani waliitikia kwa kichwa.

Alipoona sikubali, akasema basi tuchague mapigo kwa siri, kadi tuzifunike, tufunue kwa pamoja. Nikakubali ili twende. Nikafunua ngumi tupu ya 1. Yeye akafunua ngumi na kadi ya kucha: 2, zote nzito.

Ngumi yangu ilimla damu moja, hakuhisi kitu. Mimi nikatoa maharage mawili, nikabaki na moja, nikasema tuendelee. Mpwa akayachukua maharage yangu, akayarudisha juu ya kadi, akaniambia kwa upole wa daktari, "Anko, hayo hayaponi. Umekufa. Ichome hiyo kadi." Nikakataa. Akasema sawa, basi uko torpa (usingizi wa majeruhi), na mimi nabana tuingie raundi ya pili nikumalizie palepale.

Mara upepo wa ziwa ukaingia, ule wa kabla ya mvua, kadi nane zikaenda mtaroni, na mchezo ukaishia hapo kila mtu na msimamo wake. Brujah wangu yupo ndani ya kopo la blubendi. Hajachomwa, hajalazwa. Nani yuko sahihi?

Mkerewe_Nansio

Nimecheka hapo kwenye mabega. Mimi nilizitoa zangu ndani ya meli nikitokea Mwanza, mama mmoja akaangalia zile picha akaniuliza kama hawa ndio mumiani. Nikamwambia ndio wenyewe, ila hawa wako kwenye plastiki. Alihama kiti.

Kwenye Grapple uko sahihi fundi, ni mikono tu. Ila hapo mwisho mpwa kakushinda. Madhara mazito ni kifo, nijuavyo mimi. Pole sana.

DadaTremere

Mkerewe, usimzike mtu anapumua.

Nimetoka zamu ya usiku, naandika yote mara moja halafu nalala, kwa hiyo msinijibu kipande kipande.

Fundi, mliruka hatua. Raundi ya pambano huanza kwa masafa. Kila raundi mnaanza karibu, hata kama raundi iliyopita mliimaliza mkiwa mbali. Anayetaka umbali anatumia msogeo, mwenzake akiwa na wake anaurudisha, na mwenye kitendo, yaani wewe, ndiye anayeulizwa kwanza kama anasogea. Masafa yakishatulia, na kabla mtu yeyote hajataja pigo, hapo ndipo mahali pa Immortal Grapple, tena mkiwa karibu tu. Ikishatoka, pigo lisilo la mkono halichaguliki raundi hiyo. Earth Meld ni pigo. Isome: pigo, pambano linakwisha. Habari ya miguu na mabega ni picha tu kwenye kadi. Majesty, nayo ya kumaliza pambano, imefungwa, kukwepa kumefungwa, bastola imefungwa, na Theft of Vitae, kadi ya kuiba damu ambayo naishi kwayo mimi, imefungwa. Naichukia kadi hiyo.

Lakini ukiisoma hadi mwisho utaona haikumfunga mpwa peke yake. Inawafunga wote wawili. Wewe ulifunga mlango ukiwa ndani na chui. Kucha ni mkono, fundi! Kadi ya kucha haigeuzi pigo kuwa kitu kingine, inageuza madhara ya mkono uleule yawe mazito. Ulipomkaba Gangrel ulimkaribisha afanye kazi anayoijua kuliko zote.

Kufunika kadi, nani aliwafundisha? Hakuna siri. Mwenye kitendo anataja pigo lake kwanza, mwenzake anasikia, ndipo anataja la kwake. Ndiyo raha ya kuzuia. Kutekelezwa, yanatekelezwa kwa pamoja, kwa hiyo hata kama ngumi yako ingemlaza chini, yake ingekufikia vilevile.

Sasa maharage, maana hapa ndipo watu wengi wanapotea na wengine wanapotea kwa kujiamini. Kwanza ondoa madhara yanayozuilika, kama mtu ana kadi za kuzuia. Angalieni vizuri, baadhi za Fortitude (nguvu ya ustahimilivu) zinazuia ya kawaida tu. Yanayobaki, shughulika na ya kawaida kwanza: kila moja damu moja, na damu ikiisha kabla ya madhara, mnyonya damu amejeruhika na anakwenda torpa. Kisha mazito. Hayaponi kwa damu, hilo mpwa kasema kweli. Zito la kwanza kwa aliye mzima linamjeruhi, basi, tiketi ya torpa imekatwa. Kila zito linalofuata juu ya aliyekwisha kujeruhika linataka kumchoma kabisa, na hapo ndipo damu inapofanya kazi: unachoma moja kwa kila zito ili usiangamie. Huna damu, umekwisha.

Wewe ulikuwa na 3, umekula mazito 2. La kwanza halikugusa maharage. La pili limekula moja. Unakwenda torpa na maharage mawili. Hukutakiwa kubaki umesimama, na hukutakiwa kuchomwa. Angekupiga mazito 4 ungefika torpa mkavu. Matano, ndipo mpwa angeomba kiberiti. Na kama ungekuwa umekula la kawaida moja pamoja na hayo mawili, la kawaida lingechukua harage lake kwanza, ungebaki na moja.

Ubaya unakuja pale mtu alipokwisha kukauka. Ana damu 1, anakula ya kawaida 2 na zito 1. Ya kawaida yanamaliza damu na kumjeruhi, zito linamkuta hana cha kulipa. Kachomwa, na mezani kila mtu anashangaa kwamba "lilikuwa moja tu". Washirika wasio wanyonya damu hawana mambo haya, kwao zito na la kawaida ni uhai mmoja tu, na hawana torpa.

Raundi ya pili ya kukumalizia haipo. Mmoja akienda torpa pambano limekwisha, abane asibane. Akikutaka, na asubiri zamu yake.

Ambayo, kwa bahati mbaya, ndiyo inayofuata. Zamu zinakwenda kushoto. Gangrel aliyelala kwa kukuzuia atasimama zamu ya mpwa ikianza, na anaweza kutumwa torpa kukunyonya roho, achukue na hayo maharage. Akifanya hivyo meza inapiga kura ya msako, na ikipita mnyonyaji anachomwa. Ukivuka zamu yake salama, maharage mawili ni nauli kamili ya kutoka torpa. Utatoka mkavu na itabidi ukawinde, lakini utatoka.

Jambo la mwisho. Kama boksi la mpwa lina kadi za zamani na mpya, msishangae mbili zinazofanya kazi moja zikiwa na maneno tofauti. Mchezo ulitoka 1994 kwa jina la Jyhad, kazi ya Richard Garfield, mwaka uliofuata ukapewa jina la sasa, na maandishi yamerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Maandishi mapya ya kadi ndiyo yanayotawala hata kama mkononi unayo ya zamani.

Nalala.

Mkerewe_Nansio

Basi nimechoma watu wangapi bure, Mungu wangu.

SengeremaB

Dada ukiamka, mawili tu. Jumapili nataka kuvuka kuja kucheza na hao wa Kirumba, siku hizi ni daraja moja kwa moja, Kigongo hatulali tena tukisubiri kivuko, kwa hiyo nisije nikaaibika.

1. Nina pigo la kuwahi, mwenzangu katoa Majesty. Si nampiga kabla hajatoka?

2. Tremere wangu ana damu 1. Naiba 2 kwa Theft of Vitae, naye ananipiga 2 za kawaida. Naenda torpa?

DadaTremere

1. Hapana. Pambano linakwisha kabla ya pigo lolote, hata la kuwahi. Na anayekwepa, kuwahi kwako hakumfikii pia. Kuwahi kunasaidia dhidi ya anayesimama akupige: ukimwangusha kwanza, pigo lake limepotea.

2. Huendi. Wizi unafanyika kabla ya madhara kuhesabiwa. 1 inakuwa 3, unaponya 2, unabaki na 1. Uwezo wako wa kubeba ukijaa, inayozidi inarudi benki. Na wizi wa damu si madhara, mtu asikutolee kadi ya kuzuia madhara. Akitaka kuukwepa, akwepe.

MpwaWaAnko

Shikamooni. Mimi ndiye mpwa.

Nakubali yote ya dada. Earth Meld nilijua haiingii, nilikuwa najaribu. Watu wawili waliitikia kwa kichwa, ningeacha? Ya mazito sikujua, Budapest nilikuwa nacheza Toreador, mambo ya kucha nilikuwa nayakimbia.

Ila kwa kuwa Anko kanileta mbele ya watu, naomba aulizwe kuhusu Jumapili ya kabla ya hiyo. Mama alikuwa na Toreador mwenye .44 Magnum. Alilipia puli 2 kuipata. Pambano lilipoanza alitumia msogeo wa bastola akaenda mbali, Anko hakuwa na msogeo wa kurudisha. Akatoa Immortal Grapple hivyohivyo. Mama akauliza, "Ananikabaje na nipo mbali?" Anko akamwambia, namnukuu, "Brujah wana mikono mirefu." Toreador akaenda torpa na mama akang'olewa kwenye mchezo zamu mbili baadaye.

Mkerewe_Nansio

Fundi njoo huku.

SengeremaB

Mikono mirefu 😂 Naja Jumapili hata mvua inyeshe mawe.

FundiMwaloni

Nimesoma. Siku ile nilikuwa nimeisoma kadi nusu, ile sehemu ya masafa imeandikwa kwa herufi ndogo na mimi macho yangu ni ya kutazama plagi. Wabeja sana dada, nimeelewa kuliko nilivyotaka kuelewa.

Nimemtoa Brujah kwenye kopo, nimemweka torpa, maharage mawili juu yake, na nimepiga picha ili kesho isiwe makande. Tumekubaliana tunaendelea na mchezo uleule, zamu ya mpwa. Bila shaka atakuja kuninyonya, nimemwona leo anachekacheka peke yake.

Tatizo ni hiyo kura ya msako. Mezani mwenye mnyonya damu mwenye cheo chenye kura ni mmoja tu: dada yangu. Nimempelekea sato wawili wa asubuhi. Amewapokea, ameniuliza wana mikono mirefu kiasi gani, akaingia jikoni.