Tupeane uzoefu: siku uliyozunguka jiji kwa miguu

Mwanzisha mada
Wakuu, salaam. Naomba tukusanye hapa visa vya siku mlizozunguka jiji kubwa kwa miguu, bila daladala wala bodaboda. Naanza na changu.

Mwaka jana nilimleta mama Dar kwa matibabu, kutoka Iramba. Kabla ya kurudi alipata siku moja isiyo na kliniki, akaniambia, "Mwanangu, jiji hili nimeliona dirishani tu. Nitembeze." Tukashuka Posta saa moja asubuhi, jua halijakaza.

Sanamu ya Askari pale mtaa wa Samora, ile ya kumbukumbu ya Vita Kuu ya Kwanza, nimeipita miaka tisa nikiwahi kazini. Sikuwahi kuisogelea. Mama aliisogelea, akaanza kusoma maandishi yake ya Kiswahili taratibu, kidole kikifuata herufi. Alipofika wanapokumbukwa wapagazi, waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, akanyamaza. Kumbe babu yake alichukuliwa kubeba mizigo Vita Kuu ya Kwanza na hakurudi. Nyumbani sijawahi kusikia habari hiyo, hata siku moja.

Basi nikamwambia twende Kariakoo, maana jina lenyewe limetokana na wapagazi hao: Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa Waingereza, kilikuwa na kambi pale, na midomo yetu ikaligeuza. Tukaifuata Samora hadi Mnara wa Saa, tukashika Uhuru, tukapumzika Mnazi Mmoja, mama akanywa dafu. Ni kama kilomita 2 tu, ila sisi ilikata asubuhi nzima. Kariakoo wabeba mizigo bado wapo, wanapita na magunia wakipiga kelele wapishwe. Mama alikuwa akiwapisha mmoja mmoja na kuwaambia pole.

Wa Temeke
Mkuu, umenigusa. Mimi njia yangu ni ya baharini. Naanzia Kanisa la Mtakatifu Joseph, lililokamilika 1902, napita Azania Front lenye mapaa mekundu, nafuata Kivukoni hadi soko la samaki Feri. Ukifika mapema unakuta mnada, pweza na changu bado wanang'aa maji. Kula samaki wa kukaanga palepale, usisubiri mgahawa.

Angalizo kwa wageni: kamera. Nilipiga picha jengo moja zuri la zamani, nisijue ni ofisi nyeti, nikashikiliwa lango la pale karibu saa nzima mpaka nikafuta picha zote za siku ile, zikiwemo za wanangu. Iliniuma sana. Ukiona mlinzi, uliza kwanza.

Mgeni wa jiji
Viatu, wakuu. Nilivaa vipya, saa nne asubuhi visigino vimechubuka, Makumbusho ya Taifa pale Shaaban Robert nikaishia kuyaona kwa nje. Mwanzisha mada, mama aliwezaje joto la Dar?

Wa Nairobi
Hamjambo ndugu zangu. Nimesoma habari ya mama nikaona lazima niandike. Hapa kwetu, Kenyatta Avenue, kuna sanamu ndugu ya hiyo yenu, ila yetu ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi mwenyewe, hana bunduki. Watu wengi hukaa pale chini kungoja wenzao. Na sisi pia tuna Kariakoo yetu: tunaiita Kariokor, asili yake ni hiyohiyo. Kutoka kwenye sanamu unatembea nusu saa hivi, unakuta soko la vyondo, yaani vikapu vya kusuka, na viatu vya ngozi, na nyama choma ya kutosha. Nimepita sanamu hiyo tangu nikiwa mwanafunzi, na sijawahi kuunganisha sehemu hizo mbili hadi leo. Jumamosi nitatembea njia hiyo na binti yangu.

Mwanzisha mada
@Mgeni wa jiji, joto tulilikwepa kwa kutembea upande wenye kivuli na kukaa kila alipotaka kukaa. Kitenge kichwani, maji mkononi, na kurudi kwa bajaji. Usimharakishe mzee.

@Wa Nairobi, asante sana kaka. Ukifika Jumamosi, tafadhali mpige picha huyo mpagazi, uso wake uonekane, uiweke hapa. Mama hatumii simu ya namna hii, lakini nitaisafisha studio nimpelekee Iramba Desemba.