Binti yangu yuko chuo Marekani, ameacha uchumi anataka kusomea maigizo na dansi. Naomba ushauri

MamaKisauni

Assalam aleikum, na kwa wengine hamjambo nyote. Nina binti yuko mwaka wa pili chuo kimoja kidogo huko Massachusetts, vile vyuo vyao vya sanaa huria, ambako mtu husoma masomo mchanganyiko na kuchagua somo kuu baadaye. Alifanya vizuri KCSE, akaomba mwenyewe, wakamchukua na kumlipia karibu kila kitu. Sisi tunachangia nauli na vitu vidogo vidogo. Alipoondoka tulijua anakwenda kusoma uchumi. Ndivyo tulivyowaambia watu, na ndivyo babake alivyosema msikitini.

Juzi amenipigia, akaniambia mwisho wa muhula ujao lazima aandikishe somo lake kuu, na ameamua ni Maigizo na Dansi. Nikamwambia, rudia. Akarudia.

Babake tangu siku hiyo hasemi neno, na anayewajua wanaume wa kimya anajua hiyo si dalili ya kukubali. Mimi sitaki kumfokea mtoto aliye mbali, peke yake, kwenye baridi. Lakini nina maswali, na anayejua anijibu bila kunizuga. Akibadilisha somo, ule msaada wa karo watamkatia? Dansi inasomwaje mpaka mtu apewe digrii? Akimaliza atafanya kazi gani, huko au hapa kwetu? Na la mwisho naona haya kuliandika lakini acha niliandike: huko jukwaani atavaa nini, na atashikwa na nani? Sisi ni watu wa dini.

Tafadhali msinitajie Lupita Nyong'o, yule mwigizaji wetu wa filamu. Kila ninayemuuliza hapa mtaani ananitajia Lupita.

Chuma_Chakavu

Pole mama. Yaani viza yote ile, ndege yote ile, kwenda kukata kiuno? Si angebaki Mtwapa tu 😂

FundiTaa

@Chuma_Chakavu mama wa watu ameuliza kwa adabu, mwache. Mama, mimi kazi yangu ni hiyo ya jukwaa. Niko kazini saa hii, nitarudi usiku.

NilisomaHuko

Shikamoo mama. Nilisoma chuo cha namna hiyo hiyo, Minnesota, kwa hiyo ngoja nianze na karo maana hiyo ndiyo inayokunyima usingizi. Msaada wa vyuo vile kwa kawaida hutolewa kwa kuangalia kipato cha familia, zile fomu mlizojaza za mshahara na nyumba na idadi ya watoto. Mwanafunzi anadahiliwa na chuo, si kitivo. Ndiyo maana mpaka mwaka wa pili hakuna aliyemuuliza anasomea nini. Akihama uchumi kwenda dansi, au fizikia, au Kilatini, hesabu ya msaada haiguswi. Ingekuwa tofauti kama angekuwa na ufadhili wa mtu wa nje uliotaja somo kwa jina. Hata hivyo aulize ofisi ya msaada wa fedha kwa barua pepe ili jibu liwe kwenye maandishi.

Sasa dansi inasomwaje. Vyuo vingi vya namna hiyo, digrii ni kama masomo 32 kwa miaka minne, manane kwa mwaka, na somo kuu huchukua theluthi hivi. Hayo mengine atasoma historia, lugha, hesabu, biolojia, anavyotaka. Kwa hiyo mtoto hashindi siku nzima akiruka ruka. Na ndani ya hiyo theluthi, kucheza ni sehemu tu. Kuna kuchambua tamthilia mstari kwa mstari kujua nani anataka nini kutoka kwa nani. Kuna kuchora jukwaa kwa vipimo na kujenga mfano wake mdogo wa kadibodi. Kuna taa, mavazi, sauti, uongozaji, kupanga hatua za dansi na kuwafundisha wenzako, historia ya dansi, nadharia. Mwaka wa mwisho wengi huandaa kazi yao wenyewe kuanzia wazo hadi watazamaji kukaa kwenye viti, pamoja na insha ndefu ya kuieleza. Mimi nilikuwa wa sayansi ya siasa, lakini watu wa maigizo ndio niliowaona wakilala saa chache kuliko wote. Mazoezi yanaanza baada ya chakula cha jioni, na masomo ya mchana hayawasubiri.

Dansi kuwa somo la chuo si mtindo wa juzi pia. Chuo Kikuu cha Wisconsin kilianzisha digrii ya dansi 1926. Chuo cha Bennington kule Vermont kilianza shule ya dansi ya kiangazi 1934, na Martha Graham, mchezaji na mtunzi wa dansi maarufu wa Marekani, alikuwa miongoni mwa walimu wake.

Nikupe na upande mwingine, usiseme nimekuzuga. Binti yako hayuko Juilliard, ile shule ya muziki, dansi na maigizo ya New York. Kule mtu huingia kwa usaili wa jukwaani na siku yake yote ni mazoezi ya mwili na sauti. Chuo cha sanaa huria hakimpi saa zile. Atatoka akijua kufikiri, kuandika na kuendesha onyesho, lakini kama anataka kusimama kama mwigizaji au mchezaji wa kulipwa atashindana na watu waliofanya mazoezi mara tatu yake. Wengi wenye nia hiyo huenda shahada ya pili. Shule ya maigizo ya Yale haitozi karo tangu 2021, baada ya mchango wa dola milioni 150 wa David Geffen, tajiri wa muziki na filamu, ingawa kuipata nafasi yenyewe ndiyo kazi. Hapo ningemtaja yule uliyetukataza, maana alipitia Hampshire, Massachusetts huko huko, kabla ya Yale. Basi, sirudii tena.

MhasibuMkweli

Mimi nitasema yasiyopendeza. Ufadhili kama huo maelfu wanauomba hawaupati. Asome uchumi, dansi afanye kama somo la pili, aridhishe moyo wake na babake aendelee kusema anachosema msikitini. Masomo makuu mawili yanaruhusiwa karibu vyuo vyote hivyo. Kwani tatizo liko wapi?

NilisomaHuko

@MhasibuMkweli tatizo liko kwenye saa. Masomo mawili makuu yanawezekana kwenye karatasi, ila moja likiwa la jukwaa jioni zote zimekwenda. Nimewaona waliomaliza hivyo, digrii mbili za wastani.

MhamiajiHalali

Hapo @MhasibuMkweli ana hoja, ila siyo ya msikitini, ni ya viza. Mama sikiliza, hili watu wengi hulijua wakiwa wamechelewa.

Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, akimaliza digrii ana haki ya kuomba ruhusa ya kufanya kazi kwenye fani yake kwa miezi 12, inaitwa OPT. Waliosoma masomo ya sayansi, teknolojia na hesabu huongezewa miezi 24. Maigizo na dansi hayamo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo atakuwa na mwaka mmoja, na katika mwaka huo akikaa bila kazi jumla ya zaidi ya siku 90 ruhusa inakufa. Maombi yanaanza kupokelewa siku 90 kabla ya kumaliza masomo, asingoje mahafali.

Kuna unafuu kwa wasanii: kazi fupi fupi za maonyesho zinahesabika, mradi azifikishe saa 20 kwa wiki na aweke daftari la kila kazi, mwajiri, tarehe na muda.

Vyuo vingi vimeuandikisha uchumi wao chini ya msimbo (namba rasmi ya kutambulisha somo) wa uchumi wa kitakwimu, ambao umo kwenye orodha ya ile miezi 24. Akiwa na uchumi kama somo kuu la pili na limeandikwa kwenye I-20 yake, ile hati ya chuo ya mwanafunzi wa kigeni, mlango huo uko wazi, lakini kazi yenyewe lazima iwe ya uchumi, si ya kucheza. Aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni aulize uchumi wa chuo chake una msimbo gani. Dakika tano tu. Na sheria za viza huko siku hizi hubadilika ghafla, kwa hiyo asiniamini mimi, aiamini hiyo ofisi.

BintShela

Mama, nakujibu lile uliloona haya. Mimi ni wa Lamu, nimevaa mtandio tangu utotoni, na nilisoma dansi kama somo la pembeni huko Ohio.

Darasani nilivaa suruali ndefu ya mazoezi, shati la mikono mirefu lililolegea, na kile kilemba cha michezo kinachobana kichwa. Hakuna aliyesema kitu, wenzangu wengi nao walivaa malegevu vile vile. Mavazi ya jukwaani hushonwa na kuzungumzwa kabla, nilikaa na mbunifu tukaafikiana shingo na mikono. Kushikwa, sitakudanganya, kupo. Kuna aina moja ya dansi ambapo watu huegemeana na kubebana uzito, tena chimbuko lake ni chuo cha sanaa huria, Oberlin, mwaka 1972. Darasa lile sikulichukua. Kwenye maigizo, siku hizi kugusana hupangwa hatua kwa hatua na mhusika huulizwa kwanza, na akikataa onyesho hutungwa upya. Mwambie aseme mipaka yake siku ya usaili, si wiki ya onyesho.

Na si lazima awe yule anayeonekana. Muulize anapenda nini hasa kwenye fani hiyo. Nahisi hamjamuuliza.

FundiTaa

Nimerudi. Mama, mimi niko Nairobi, nafunga taa na vyombo vya jukwaa. Sikusoma popote, nilianza kwa kubeba nyaya pale Kenya National Theatre.

Nikwambie ukweli wa soko letu. Mwigizaji wa jukwaa hapa haishi kwa jukwaa peke yake, yuko kwenye matangazo, kusoma sauti, kufundisha. Pesa yetu sisi wa nyuma ya pazia inatoka kwenye mikutano ya makampuni, uzinduzi wa bidhaa, makanisa makubwa, harusi za wenye nazo. Inakuja kwa msimu, Januari ni njaa. Tunachokosa si wachezaji. Tunakosa mtu wa kuendesha onyesho: anayekaa na kitabu kilichoandikwa kila badiliko la taa na sauti, anasema "sasa" na watu ishirini wanatii. Tunakosa mtu anayeleta mchoro wa taa kabla ya siku, na bajeti inayosomeka. Hao nawahesabu kwa vidole. Kama chuo chake kinafundisha hilo, alichukue asiache.

Jambo lingine. Sasa shule za sekondari ya juu zina mkondo wa sanaa na michezo, kuna Muziki na Dansi, kuna Maigizo na Filamu. Na tamasha la drama la shule lipo tangu 1959, shule hulipa watu wa kuwatengenezea michezo. Lakini asidhani digrii ya Marekani itamwingiza TSC, tume ya walimu, moja kwa moja. Bila mafunzo ya ualimu hawamsajili, itabidi aongeze diploma ya ualimu.

Mwalimu_Mlimani

Kwa wanaodhani hii ni fani ya waliokosa pa kwenda: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha maigizo tangu miaka ya 1960, na Bagamoyo kuna chuo cha sanaa tangu 1981. Penina Muhando Mlama ni profesa wa maigizo, mwandishi wa tamthilia za Kiswahili, na aliongoza FAWE, shirika la elimu ya wasichana la Afrika nzima. Bado unasema kukata kiuno? Nakuuliza wewe @Chuma_Chakavu.

Chuma_Chakavu

Nimesikia mwalimu. Nilikuwa natania.

BiMkubwa_MjiWaKale

Mwanangu wa Kisauni, mimi ni mtu mzima. Kwani lelemama, ngoma yetu ya wanawake wa pwani, umeisahau? Mama zetu hapa Mombasa walikuwa na vyama vyao, Ibinaal Watan na Banu Saada, wakishindana kwa nguo, kwa nyimbo na kwa karamu, na ndani yake mlikuwa na uongozi na vyeo. Walikuwa wanawake wa heshima wale, waliolea wanazuoni. Aliyekwambia dansi na dini havikai nyumba moja hakulelewa mtaa huu. Ila kucheza mbele ya wanaume ni jambo jingine, hapo nakuunga mkono, ongea naye.

MamaKisauni

Jamani ahsanteni, Mungu awalipe. Nimempigia nikamuuliza kama alivyosema BintShela, anapenda nini. Kumbe kucheza mwenyewe hataki sana. Anataka kutunga, yaani kupanga wengine, na taa. Halafu Bi Mkubwa, utacheka. Mwezi mzima huyu mtoto anampigia nyanyake kumuuliza nyimbo za lelemama na kumrekodi, mimi nikidhani ni upweke. Anasema ndiyo kazi anayotaka kuitengeneza mwaka wa mwisho, na mwalimu wake amemwambia asome habari za Pearl Primus, mwanamke wa Trinidad aliyekuja Afrika 1948 kujifunza ngoma zetu, akawa daktari wa falsafa na baadaye akafundisha vyuo vya huko huko alipo. Nyanyake sasa ndiye wakili wake.

Suala la msimbo wa uchumi ameliandika, Jumatatu anakwenda ofisini. Masomo mawili au moja bado hatujaafikiana, hata babake nimemsomea majibu yenu akauliza swali moja tu: hiyo miezi 12 inaanza lini. Nimefurahi, maana ameuliza.

Sasa nina dogo la mwisho. Aprili anaongoza taa kwenye onyesho lao na wataliweka mtandaoni moja kwa moja. Linaanza saa moja na nusu jioni yao. Hapa itakuwa saa ngapi?

NilisomaHuko

Aprili tofauti ni saa saba, mama. Kwako itakuwa saa nane na nusu usiku. Lakini vyuo vingi Jumamosi huweka na onyesho la saa nane mchana, hilo kwako ni saa tatu usiku. Muulize kama lipo na kama nalo linarushwa, nyanya asikeshe bure.