Mjadala: Binadamu aliyefunzwa kuitii mashine ni kinga ya aina gani?

Kila inapozuka hoja ya silaha zinazojichagulia shabaha, filamu za Vita Baridi hutolewa kama ushahidi kwamba kompyuta haifai kuaminiwa kibubusa, na kwamba dawa yake ni kumwachia binadamu neno la mwisho. Naomba kuipinga dawa hiyo kwa kutumia filamu zile zile.

Katika Fail Safe ya mwaka 1964, iliyoongozwa na Sidney Lumet, ni kweli kwamba balaa linaanzia kwenye hitilafu ya mtambo, ambayo inalipatia kundi la ndege za Marekani amri ya kuishambulia Moscow. Baada ya hapo lakini, mambo yamo mikononi mwa watu. Rais, ambaye Henry Fonda anamwigiza kwa utulivu unaotisha, anamwamuru kwa redio rubani kiongozi, Kanali Grady, ageuze ndege; baadaye analetwa hata mkewe amsihi. Grady hageuki, kwa sababu amefundishwa kwamba akishauvuka mpaka aliowekewa asiamini sauti yoyote, kwani adui anaweza kuiiga. Binadamu yumo, tena mwenye akili timamu na nidhamu, na ndege yake ndiyo inayoiteketeza Moscow.

WarGames ya 1983, ambayo wengi tunaikumbuka kwa yule kijana na kompyuta yake, inaanza na ofisa anayekataa kuzungusha ufunguo wa kurusha kombora mpaka apate mtu wa kuzungumza naye kwa simu. Wakubwa wanaiona hiyo kuwa kasoro, na kazi inakabidhiwa kompyuta.

Najua nitajibiwa kwa mfano wa kweli wa Stanislav Petrov, ofisa wa jeshi la Kisovieti, ambaye tarehe 26 Septemba mwaka uo huo aliona mitambo ya Kisovieti ikionyesha makombora matano kutoka Marekani, naye akaripoti kuwa ni tahadhari ya uongo. Mwanga wa jua ulioakisiwa na mawingu ndio uliouhadaa mtambo. Mfano huo naukubali, ila Petrov alikuwa na vya kulinganisha: makombora matano ni machache mno kuanzishia vita, rada za ardhini hazikuona kitu, na mtambo wenyewe ulikuwa mpya.

Je, ofisa anayepewa sekunde chache kuidhinisha shabaha iliyochaguliwa na programu, bila kujua imeichaguaje, yuko karibu na Petrov au na Grady? Wanaoshikilia kwamba inatosha binadamu awepo watueleze ana ruhusa gani ya kukataa, na akikataa anafanywa nini.